"Isipowasha haifanyi kazi": historia ya sabuni kali na uso wenye chunusi

Kama umewahi kupanga chumba Soweto, hapa Moshi, unajua kwamba bomba la uani halina siri. Saa kumi na mbili asubuhi wapangaji mnapishana na ndoo, na kila mtu anaona mwenzake ananawa kwa kitu gani. Mwaka niliokuwa naandika tasnifu yangu ya uzamili, chumba cha pili kutoka changu alikaa binti wa chuo, mwaka wa pili, mcheshi sana, mwenye chunusi zilizovimba mashavuni na kwenye taya. Kila asubuhi alianza na kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, akisugua kwa dodoki. Akishasuuza anarudia tena kwa sabuni ya dawa, ile yenye harufu ya hospitali. Uso unabaki unang'aa na kubana kama ngozi ya ngoma. Siku moja nikamuuliza kama haumii. Akacheka.

"Dada, isipowasha ujue haifanyi kazi."

Sikuwa na haki ya kumcheka. Nilipokuwa kidato cha pili mimi nilipaka ndimu usoni, juu yake dawa ya meno, nikalala nayo. Asubuhi ngozi ilikuwa imebabuka, na doa moja juu ya nyusi nilikaa nalo karibu miaka miwili.

Lakini sentensi ile ilinikaa kichwani. Hakuna mtoto anayezaliwa akiamini kwamba kinachouma ndicho kinachoponya. Mtu alimfundisha, na aliyemfundisha naye alifundishwa. Nikaanza kuifuatilia kwa nyuma, kidogo kidogo, wakati ambao nilipaswa kuwa naandika sura ya tatu ya tasnifu. Nilichokikuta kinaanzia mbali kuliko nilivyodhani, na kinapita kwenye mpaka wa Rombo, kwenye viwanda vya Ulaya, na kwenye figo za watu wa Nairobi.

Kwanza tukubaliane sabuni ni nini

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao kwa njia ndefu limewafikia kutoka Kilatini, sapo. Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, anaitaja kama kitu cha watu wa Gallia, Ufaransa ya leo, kilichotengenezwa kwa mafuta ya wanyama na majivu. Walikitumia kupaka nywele ziwe nyekundu. Kwa hiyo kwenye maelezo yake sabuni ni kipodozi.

Kikemia hakijabadilika sana. Chukua mafuta, ya nazi, ya mawese au ya ng'ombe. Yachemshe na alkali. Alkali ni jamii ya vitu kama magadi yale unayotia kwenye makande ili mahindi na maharage yalainike haraka. Mafuta na alkali vinashikana na kutoa chembe ndefu yenye tabia mbili: kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unazama kwenye uchafu wenye mafuta, kichwa kinabaki majini, unaposuuza vyote vinaondoka. Ni kazi nzuri sana kwenye sufuria. Kumbuka tu kwamba mkia huo hauna macho. Hauwezi kutofautisha mafuta ya chipsi na mafuta ambayo ngozi yako imeyatengeneza yenyewe kwa ajili ya kujikinga.

Pwani, kabla sabuni ya kipande haijawa kitu cha kila nyumba, uso na mwili vilitunzwa kwa liwa na singo, vitu vya kusaga na kupaka vyenye harufu nzuri, na mtu akitoka hapo ananukia, hawashwi. Jambo linalonichekesha ni kwamba katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Ufaransa walikuwa wakifika Zanzibar na pwani yake kununua ufuta na nazi kwa ajili ya viwanda vya sabuni vya Marseille. Mafuta yetu yalikwenda kwa jahazi na meli, yakarudi yakiwa kipande chenye muhuri.

Harufu ya hospitali

Sasa tuje kwenye kuwasha. Mwaka 1865, huko Glasgow, daktari wa upasuaji Joseph Lister alifunga kidonda cha mtoto aliyevunjika mguu kwa kitambaa kilicholowekwa asidi ya kaboliki, kitu kinachotokana na lami ya makaa ya mawe. Kidonda hakikuoza. Kwa wakati ule, ambapo watu wengi waliofanyiwa upasuaji walikufa kwa usaha, hilo lilikuwa jambo kubwa kwelikweli. Asidi ya kaboliki inanuka, na ikiwa nzito inaunguza. Ndani ya miaka michache harufu ile ikawa ndiyo harufu ya usalama.

Wafanyabiashara si watu wa kuchelewa. Katikati ya miaka ya 1890 kampuni ya Lever ya Uingereza ilitoa Lifebuoy, sabuni nyekundu yenye asidi ya kaboliki. Sabuni hiyo na ndugu zake zilisambaa katika himaya yote, Afrika ikiwemo, pamoja na somo: mwili ni mahali pa vijidudu, vijidudu vinahitaji kitu kikali, na mtu asiyenuka dawa bado hajawa safi. Shuleni somo hilo lilikuwa na ratiba kabisa. Wewe uliyesimama mstarini asubuhi ukikaguliwa kucha, kola na masikio unajua ninachosema. Ukaguzi ule umeokoa watu wengi na kuhara na upele, na sina ugomvi nao. Ila uliacha kitu kingine kichwani: kila kinachotokea kwenye ngozi ni alama kwamba hukunawa vizuri.

Chunusi zikaingia humo humo. Mwishoni mwa karne ya 19 Paul Gerson Unna, daktari wa ngozi wa Hamburg, aliona bakteria ndani ya chunusi kwa hadubini. Watu wakahitimisha haraka: kumbe ni uchafu, kumbe ni vijidudu, ua vijidudu. Walichokosa ni kwamba bakteria yule yule, ambaye leo anaitwa Cutibacterium acnes, anaishi pia kwenye uso wa mtu asiye na chunusi hata moja. Ni mpangaji wa kudumu.

Chunusi inaanzia chini, mahali ambapo dodoki halifiki. Homoni za balehe zinaamsha tezi za mafuta. Wakati huohuo seli za ndani ya kinyweleo zinashikana badala ya kupukutika, kinyweleo kinaziba, mafuta yanajaa, bakteria wanaongezeka humo ndani, na mwili unajibu kwa uvimbe. Hata kile kichwa cheusi kinachoonekana kama vumbi la barabara si vumbi. Weusi wake unatokana na rangi ya ngozi yenyewe, melanini, na mafuta yaliyokutana na hewa. Unaweza kukisugua hadi kesho.

Kuhusu sabuni za dawa zilizofuata baada ya kaboliki nitapita haraka, maana ni hadithi moja inayojirudia. Ilikuja heksaklorofeni, ikasifiwa, ikawekwa hadi kwenye bidhaa za watoto. Mwaka 1972 huko Ufaransa poda ya watoto iliyochanganywa nayo kupita kiasi kwa makosa iliua watoto 36. Baadaye zikashika usukani triklosani na triklokabani. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 vya aina hiyo kwenye sabuni za kunawa za watu wa kawaida, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba vinafanya kazi kuliko sabuni ya kawaida na maji.

Miaka ya foleni

Hapa historia inapanda mlima wetu. Waulize wazazi wako, au babu na bibi, kuhusu sabuni kati ya mwaka 1978 na 1985. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, bei ya mafuta ya petroli imepanda, viwanda havina malighafi, na mpaka na Kenya ulifungwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Sabuni ilikuwa ya foleni na ya mgao. Watu walifulia majani ya mpapai. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, kukutwa na maboksi ya sabuni ndani kungeweza kukupeleka pabaya.

Upande huu wa Kilimanjaro ulikuwa na njia yake. Kahawa ilivuka usiku kwenda Kenya, na bidhaa za dukani zikarudi, sabuni ikiwa mojawapo. Mama mmoja wa Rombo aliniambia sabuni ya kuogea iliwekwa kabatini katikati ya vitenge, ivinukishe, na ilitolewa mgeni akija. Mtu aliyeishi hivyo hawezi kuona sabuni kama kitu cha kuchagua kwa upole wake. Sabuni ilikuwa sabuni. Ukiipata, unatoa povu mpaka litoshe.

Kisha milango ikafunguliwa. Kuanzia 1984 mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, na baada ya Mzee Mwinyi kushika urais mwishoni mwa 1985, ruksa ikawa neno la nyakati. Maduka yakajaa. Ndani ya wingi huo kulikuwa na kitu ambacho wanunuzi wengi hawakukifahamu, ingawa mara nyingi kiliandikwa wazi kwenye karatasi ya sabuni.

Zebaki kwenye kipande

Ni zebaki, ile ya kwenye vipimajoto vya zamani na ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Sabuni hizo zilikuwa na ayodidi ya zebaki, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3. Ziliuzwa kama sabuni za kuua vijidudu: kwa chunusi, kwa upele, kwa ngozi "safi". Na kweli kulikuwa na mabadiliko. Zebaki inazuia kimeng'enya ambacho ngozi inakitumia kutengeneza melanini, hivyo uso unang'aa na madoa yanafifia. Mtumiaji anaona sabuni ya dawa imefanya kazi ya dawa. Kinachoendelea kwenye figo hakionekani kwenye kioo.

Onyo lilikuwepo mapema. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha kwenye jarida la British Medical Journal uchunguzi wa wagonjwa 60 waliokuwa wakivuja protini kwenye mkojo na kuvimba mwili kwa sababu ya figo. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miaka ishirini na kitu baadaye Masazumi Harada, daktari wa Japani aliyetumia maisha yake kufuatilia sumu ya zebaki ya Minamata, alikuja Ziwa Victoria akitarajia kuwakuta wachimba dhahabu wameathirika. Alipima nywele. Baadhi ya vipimo vya juu vilitoka kwa watu wa mjini Mwanza ambao hawakuwa wachimbaji, na kidole kikaelekezwa kwenye sabuni ya kuogea. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1999, na mwaka huohuo watafiti wa Denmark wakatoa ripoti nzima kuhusu zebaki kwenye sabuni Tanzania.

Sabuni hizo zilitoka wapi? Nyingi zilitoka Ulaya. Ulaya ilikuwa imekataza zebaki kwenye vipodozi vya watu wake tangu 1976. Kutengeneza kwa ajili ya kuuza nje kuliendelea, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia kabisa sabuni za zebaki zisisafirishwe nje ilikuja mwaka 2003. Hesabu mwenyewe: miaka 27. Nilipofika hapa nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Mwaka huohuo wa 2003 Tanzania ilipitisha Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, na vipodozi vyenye zebaki vikawa haramu. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mkataba wa Minamata wa 2013 nao umeweka dunia nzima kwenye mstari. Sabuni za aina hiyo hazijaisha, zinaingia kwa njia za panya, na mara nyingine neno zebaki limeondolewa kwenye karatasi tu.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ndipo sentensi ya jirani yangu inapopata nguvu. Ukoo mzima wa wanunuzi ulijifunza kwamba ipo sabuni inayowasha kidogo, inanuka dawa, na baada ya wiki tatu uso unakuwa mwingine. Kumbukumbu hiyo imebaki hata kwa waliozaliwa baada ya marufuku.

Ngozi ni chachu kidogo

Wakati haya yakiendelea, upande mwingine wa sayansi ulikuwa ukisema kitu tofauti kabisa, kwa sauti ndogo. Mwaka 1928 Wajerumani wawili, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, waliandika kwamba juu ya ngozi ya binadamu kuna utando wa asidi. Usishtuke na neno asidi. Kwenye kipimo cha pH, ambapo 7 ni maji safi, ngozi ya uso iko karibu na 5, ukali kama wa kikombe cha kahawa nyeusi ya hapa Kilimanjaro. Utando huo unasaidia seli za juu kushikana vizuri, unahifadhi unyevu, na unawafanya baadhi ya bakteria wasijisikie nyumbani.

Sabuni halisi, kwa kuwa ni mtoto wa alkali, iko kwenye 9 au 10. Na kipimo hiki kinapanda kwa mara kumi kila hatua, kwa hiyo kutoka 5 hadi 10 si mara mbili, ni mara 100,000. Ukinawa mara moja, ngozi yenye afya inarudi mahali pake baada ya saa kadhaa. Ukinawa mara nne kwa siku na dodoki, hairudi. Na bakteria wa chunusi anakua vizuri zaidi pH inapokaribia 6 na kitu kuliko ikiwa 5 na nusu. Yaani sabuni kali, iliyonunuliwa kumfukuza mpangaji, inamtandikia kitanda.

Njia ya kutokea ilipatikana kwa shida za vita, si kwa huruma kwa ngozi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowanyima Wajerumani mafuta ya kutengenezea sabuni, wanakemia wao walianza kutengeneza visafishaji bila kupika mafuta na alkali. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa na aina zilizo laini. Kipande kinachotengenezwa hivyo wataalamu wanakiita sindeti: kinafanana na sabuni, kinatoa povu, ila kikemia si sabuni, na pH yake inaweza kushushwa ifanane na ya ngozi au isiwe mbali nayo. Dove, iliyotoka Marekani mwaka 1957, ndiyo iliyofanya kitu hicho kijulikane na watu wa kawaida.

Mwaka 1979 Peter Frosch na Albert Kligman walichapisha jaribio ambalo bado linatajwa. Waliweka maji ya sabuni 18 maarufu kwenye ngozi za watu, chini ya vikombe vidogo, siku kadhaa mfululizo, wakaangalia zipi zinaichubua. Tofauti zilikuwa kubwa ajabu, na kipande cha sindeti ndicho kilichokuwa pole kuliko vyote. Siwezi kulitaja jina la Kligman nikapita tu. Huyu ndiye aliyeongoza kwa zaidi ya miaka ishirini majaribio ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao Wamarekani weusi. Sehemu ya tunayoyajua leo kuhusu upole na ukali yalipatikana na watu wa namna hiyo, kwenye ngozi za watu wa namna ile.

Kuhusu chunusi zenyewe, mwaka 1995 Hans Christian Korting na wenzake wa Munich walilinganisha vijana waliotumia sabuni ya kawaida na waliotumia sindeti yenye asidi kidogo, kwa miezi kadhaa. Chunusi zenye uvimbe zilikuwa chache kwa kundi la sindeti. Mwaka 2006 jaribio dogo la Marekani liliwapanga watu wanawe uso mara moja, mbili au nne kwa siku kwa kisafishaji laini. Mara nne haikuwapa chochote cha ziada. Ni majaribio madogo, siyo msahafu, lakini yote yanaelekea upande mmoja.

Sasa ukienda dukani

Tuseme umetoka Soweto, umesimama kwa Mangi au kwenye famasi mjini, uso unauma. Geuza pakiti usome nyuma, mbele ni matangazo. Ukikuta vitu vya kwanza ni Sodium Palmate, Sodium Tallowate au Sodium Cocoate, hiyo ni sabuni halisi, ya mafuta na alkali, hata kama mbele pana picha ya mtoto mchanga. Sabuni ya mtoto bado ni sabuni. Ya mwarobaini ni sabuni. Ya manjano, ya mkaa, ya alovera, zote ni sabuni zilizoongezewa kitu. Ukikuta Sodium Cocoyl Isethionate mwanzoni, hapo una sindeti au jamaa yake. Kwa zile za maji, wanazoziita klenza, tafuta isiyo na manukato na iliyoandikwa pH 5.5 au karibu na hapo, na iepuke yenye Sodium Lauryl Sulfate juu ya orodha. Povu lake litakuwa dogo. Utahisi kama hujanawa. Vumilia wiki mbili.

Najua bei. Klenza nyingi kwenye famasi ni za pesa ambayo mwanafunzi analia akiitoa. Kama huna, tumia sabuni uliyonayo kwa mwili na uufanyie uso mambo machache: asubuhi maji tu. Jioni povu kidogo la mkononi, kwa vidole, nusu dakika, suuza kwa maji mengi, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi. Dodoki libaki kwa magoti na visigino. Ndimu ibaki kwenye supu, maana asidi yake ni kali mara mia kadhaa kuliko ile ya ngozi yako, na ukitoka nayo juani inaacha alama.

Na tusidanganyane, kisafishaji laini hakiponyi chunusi. Kazi yake ni kuacha kuzichokoza ili dawa ifanye kazi. Dawa ni kitu kingine: benzoili peroksidi, asidi ya salisiliki, na nyingine za kuandikiwa. Hizo zenyewe zinakausha na kuwasha kidogo, na ukiziweka juu ya uso uliokwisha kuchubuliwa na sabuni utaacha dawa baada ya siku tatu ukisema imekukataa.

Kuna jambo moja vitabu vingi vinalikosea, kwa sababu viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Vinasema ngozi iliyovimba huwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani: utaona weusi zaidi, au rangi ya zambarau, joto, kubana na maumivu. Uvimbe ukipoa unaacha doa jeusi la miezi mingi. Na doa ndilo linalowapeleka watu kwenye mkorogo. Sabuni kali inaongeza uvimbe, uvimbe unaacha madoa, madoa yanatafutiwa krimu isiyo na jina ndani ya kopo la plastiki, ambayo mara nyingi ina steroidi kama klobetasoli. Wiki za kwanza uso unakuwa kama wa malaika. Baadaye ngozi inakonda, na chunusi zinarudi kwa kishindo, safari hii zikisababishwa na krimu yenyewe, na ukiiacha ghafla zinazidi.

Tukifika hatua hiyo, mambo ya kuchagua sabuni yameisha, ni mambo ya kliniki. Moshi tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Pale KCMC kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanzishwa mwaka 1992, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Hao hawahitaji kuambiwa uvimbe kwenye ngozi nyeusi unafananaje. Nenda na kila unachopaka, hata lile kopo unaloona aibu kulionyesha. Ndilo watakalotaka kuliona kwanza.

Jirani yangu alichukua ushauri nusu. Sabuni ya mche iliondoka usoni wiki ile ile, sabuni ya dawa ikachukua mwezi mzima, maana alikuwa ameinunua tatu kwa mpigo na hakutaka zipotee bure. Akaishia kuzitumia kuogea miguu. Chunusi hazikuisha, zilipungua kuuma, na dawa aliyopewa kliniki safari hii aliweza kuivumilia. Dodoki alilitundika kwenye msumari wa mlango wa bafu, na wapangaji wengine wakawa wanaliazima kusugulia ndoo.